Habari Yenye Mwenyewe

Kusini-mashariki mwa Eldoret, upande wa kuelekea Kaptagat, kuna kituo kidogo cha biashara kiitwacho Plateau. Ni sehemu ya uwanda wa Uasin Gishu, nchi ya baridi iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa ndio riziki ya watu. Vitabu vya historia huwa havina nafasi kwa vituo kama hivi. Vinapoutaja uwanda huu huandika habari za wakimbiaji mashuhuri au za damu iliyomwagika baada ya uchaguzi. Hata hivyo, katika vituo kama Plateau ndimo lilimojaribiwa swali zito kuliko yote hayo: watu waliotoka pande mbalimbali, wasiokuwa na babu mmoja wala lugha moja ya mama, wanakuwaje majirani, na majirani wanakuwaje marafiki? Hoja yangu ni kwamba ujirani katika uwanda huu haukuletwa na damu. Uliletwa na utaratibu wa kupashana habari ana kwa ana, ambapo kila neno lilikuwa na mwenyewe wa kuulizwa. Palipokuwa na utaratibu huo, wasiokuwa ndugu walifaana. Ulipovurugwa, hata waliokuwa wakila pamoja walitengana.

Tuanze kabla ya reli na mashamba makubwa. Jina la Uasin Gishu ni la Wamaasai waliolisha mifugo hapa hadi walipovunjwa na vita vya wao kwa wao katika karne ya 19, na mashimo ya Sirikwa, mabaki ya waliowatangulia, yaliyotapakaa kwenye vilima yanashuhudia kwamba hata wao hawakuwa wa kwanza. Baadaye Wanandi na Wakeiyo ndio waliolisha pembezoni mwa uwanda. Kwa Wanandi, kama walivyoeleza A. C. Hollis katika kitabu chake cha 1909 na G. W. B. Huntingford baada yake, watu wa ukoo mmoja hawakuishi pamoja, bali walitawanyika nchi nzima. Mtaa, yaani koret, ulikuwa wa watu waliokutanishwa na makazi tu. Mambo ya mtaa yaliamuliwa na kokwet, baraza la wanaume wazima lililokaa chini ya mti. Mzee aliyeongoza hakuwa mtawala wa kutoa amri. Kazi yake ilikuwa kufungua mazungumzo, kuwaacha wenye la kusema waseme hadi wamalize, kisha kutamka lile ambalo wengi wameelekea kulikubali. Aliyedai kwamba ng'ombe wa fulani wameingia shambani kwake alilisema hilo mbele ya fulani mwenyewe, na majirani waliojua mpaka wa shamba na tabia ya kila mmoja walikuwa wamekaa hapo wakisikiliza. Uongo uliwezekana, lakini ulikuwa na gharama, kwa sababu mwenye kuusema alijulikana na kesho yake angehitaji msaada wa watu walewale.

Urafiki nao ulikuwa na utaratibu wake. Miongoni mwa Wakipsigis, ndugu wa karibu wa Wanandi, J. G. Peristiany aliandika mwaka 1939 kuhusu desturi iitwayo kimanagan: mtu kumpelekea rafiki wa mbali baadhi ya ng'ombe wake awatunze. Mtunzaji alikunywa maziwa, mwenye mali akabaki na haki ya ng'ombe na ndama wao. Faida ya kiuchumi iko wazi, kwani ugonjwa au uvamizi ukiumaliza mji mmoja, mali yote haipotei. Lakini mpango huo usingesimama bila habari za kweli. Ng'ombe akizaa, akiugua au akifa, mtunzaji alipaswa kutoa taarifa, na mwenye mali alipaswa kuamini neno la mtu anayeishi mbali naye. Kila ndama aliyetangazwa kwa uaminifu alikuwa ushahidi kwamba rafiki ni rafiki, na kila taarifa iliyofichwa, ikigunduliwa, ilivunja zaidi ya mkataba wa mifugo. Hapo tunaona kwamba kwa watu hawa urafiki haukuwa hisia za moyoni peke yake. Ulikuwa wajibu wa kutoa habari sahihi hata pale ambapo habari hiyo haina faida kwa anayeitoa.

Mtu anaweza kusema kwamba picha hii imepambwa mno. Kokwet ilikuwa ya wanaume. Wanawake, waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya mtaa, hawakuwa na sauti pale chini ya mti, na vijana walisubiri zamu ya rika lao. Kujuana sana pia kuna ubaya wake: mtaa unaojua kila kitu huweza kumwonea mnyonge na kumpachika jina la mchawi. Yote hayo ni kweli, na anayetamani kuyarudisha mambo ya kale yalivyokuwa hajayatazama vizuri. Ninachokitetea ni kanuni moja iliyokuwa ndani yake, kwamba jambo linalomhusu mtu lisemwe mbele yake na anayelisema ajulikane. Uzito wa kanuni hiyo unaonekana zaidi pale ilipovunjwa. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi waliopinga utawala wa Waingereza kwa muongo mzima, alikwenda kukutana na Kapteni Richard Meinertzhagen kwa ajili ya mazungumzo ya amani, naye akapigwa risasi papo hapo pamoja na watu wake. Utawala wa kikoloni katika nchi hii ulijisimika kwa kuutumia mkutano wenyewe kuwa mtego. Haishangazi kwamba kwa miaka mingi baadaye wito wa serikali wa kuja kuzungumza ulipokewa kwa mashaka.

Ndipo uwanda ukapata wakazi wapya. Mwaka 1908 msafara wa familia za Makaburu ukiongozwa na Jansen van Rensburg ulishuka Mombasa, ukapanda treni hadi Nakuru, kisha ukapanda milima kwa magari ya maksai hadi Uasin Gishu. Ardhi ilikuwa imekatwakatwa mashamba yenye nambari, na posta iliyofunguliwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64 ndiyo iliyozaa mji uliopewa jina la Eldoret mwaka 1912. Reli kutoka Nakuru ilipita Timboroa, ikashuka kwa njia ya Ainabkoi, Kaptagat na Plateau, na kufika Eldoret mwaka 1924. Wafanyakazi wakaja nayo: Waluhya, Wakikuyu, Waluo na Wateso, pamoja na Wanandi na Wakeiyo ambao sasa walihesabiwa kuwa maskwota katika nchi waliyokuwa wakilisha mifugo yao. Sheria ya mwaka 1918 iliwafunga kwa mwenye shamba kwa siku za kazi, na kipande, yaani kitambulisho cha kazi kilichoning'inizwa shingoni, kiliwafuata kila walikokwenda. Mzungu hakukusudia kuwafanya watu hawa wawe majirani. Aliwapanga katika kambi za kazi kadiri ya mahitaji yake, na serikali ilipendelea kila kabila libaki na hifadhi yake na chifu wake. Hata hivyo ujirani ukaota. Waliolala katika laini moja ya nyumba za wafanyakazi na kutumwa stesheni pamoja na mikebe ya maziwa walihitaji lugha ya kuulizana nani amefukuzwa, wapi kuna kazi, mtoto wa nani anaumwa. Kiswahili kikawa lugha hiyo, na stesheni ikawa mahali pa kukutana na watu waliotoka mbali wakiwa na habari walizoziona kwa macho yao.

Redio iliongeza upana wa mazungumzo hayo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, serikali ilianza kutangaza kwa lugha za Kiafrika ili kuwafikia wanajeshi na jamaa zao, na mtangazaji John arap Chemallan alikuwa akifungua matangazo yake kwa neno la kuwavuta wasikilizaji, maana yake ikiwa ni kwamba anawaambia. Kutokana na neno hilo, likisaidiwa na juhudi za wanafunzi wa shule za sekondari wa miaka ya 1940, Wanandi, Wakipsigis, Wakeiyo, Watugen na wenzao walianza kuitwa kwa jina moja, Wakalenjin. Yaani jamii kubwa inayodhaniwa leo kuwa ni ya tangu na tangu ilipata jina lake kwa kusikiliza habari pamoja. Hili linatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mipaka ya nani ni mwenzetu si ya milele. Inaweza kupanuliwa na yale tunayoyasikia pamoja. La pili ni la kutahadharisha: kikundi kilichokusanywa na sauti ya mbali kinaweza pia kuambiwa na sauti hiyo nani si mwenzao. Siku zile hatari ilipungua kwa sababu redio zilikuwa chache. Watu walikusanyika dukani au nyumbani kwa mwenye redio, wakasikiliza, kisha wakabishana. Salamu zilizotumwa kwa kadi ziliwataja watumaji na wapokeaji kwa majina yao na mahali wanapoishi. Sauti ilitoka Nairobi, lakini tafsiri yake ilipita kwanza mikononi mwa majirani.

Baada ya uhuru wa 1963, mashamba ya Wazungu waliokuwa wakiondoka yalinunuliwa kwa mikopo ya serikali, kwa vyama vya ushirika na kwa kampuni za kununua ardhi ambazo wanachama wake walichanga hisa ndogondogo. Vipande vya ardhi vikawa vya watu wa makabila mengi, na kilichowaunganisha zaidi ni maziwa. Kiwanda cha KCC, ushirika ulioanzishwa na walowezi mwaka 1925, sasa kilipokea maziwa ya wakulima wadogo. Tazama kituo cha kukusanyia maziwa alfajiri. Watu wanafika kwa miguu, kwa baiskeli, siku hizi kwa bodaboda. Karani anatumbukiza kipimo cha kuelea ndani ya mkebe kuona kama maziwa yametiwa maji, anachanganya kiasi kidogo na alkoholi kuona kama yanaganda, kisha anaandika kilo katika daftari mbele ya mwenye maziwa. Wengine wako kwenye foleni na wanaona. Pale pale inajulikana kwamba ng'ombe wa fulani amepata homa, daktari wa mifugo anakuja lini, bei imebadilika au la, nani amefiwa na mchango unapelekwa kwa nani. Maziwa yaliyotiwa maji yanamharibia kila mmoja, kwa hiyo ukweli wa jirani si jambo la adabu tu bali ni sehemu ya malipo ya mwisho wa mwezi. Wanawake, ambao kokwet haikuwasikiliza, hapa wana mkebe wao na jina lao katika daftari. Kwa maoni yangu, foleni hii ni mrithi wa kweli wa baraza la chini ya mti, tena mrithi aliyelirekebisha.

Kama hayo ni kweli, basi 1991 na 2007 tunazielezaje? Mapigano ya kwanza yalilipuka tarehe 29 Oktoba 1991 katika shamba la Miteitei, wilaya ya Nandi, shamba lililokuwa limenunuliwa na watu wa makabila tofauti kwa pamoja. Yakaenea hadi Burnt Forest na kwingineko. Kamati ya bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992, na baadaye Tume ya Akiwumi, zilionyesha jinsi siasa zilivyoyachochea. Vijikaratasi visivyo na jina la mwandishi vilisambazwa vikiwaonya watu wahame. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kazi hiyo ilifanywa kwa kasi zaidi na ujumbe mfupi wa simu, uliotoka kwa asiyejulikana na kupokewa na mamia kabla hajapatikana wa kuuliza swali. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Kuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Katika uwanda huu iligeuka kuwa ya kutisha, maana lisilokuwepo lilikuja kwa sababu lilisemwa: kila upande uliambiwa kwamba upande wa pili unajiandaa kushambulia usiku, na kila upande ukajiandaa.

Pingamizi kubwa linasimama hapa. Wapo watakaosema kwamba chanzo kilikuwa ardhi na madaraka, si uvumi; kwamba hati za mashamba zilizocheleweshwa, kumbukumbu za maskwota walionyang'anywa na wanasiasa waliotafuta kura zingewasha moto hata kama kila habari ingekuwa na mwenyewe. Tena wataongeza kwamba waliochomeana nyumba walikuwa wakijuana kwa majina, kwa hiyo kujuana hakukinga lolote. Sehemu ya kwanza ninaikubali bila masharti. Dhuluma za ardhi ni za kweli, na kupeana mikono hakutoi hati miliki. Lakini dhuluma hizo zilikuwepo mwaka 1970 na 1985 pia, na katika miaka hiyo majirani walisomesha watoto shule moja na kuzikana. Ardhi inaeleza kwa nini kulikuwa na hasira. Haielezi kwa nini hasira iliwaka usiku fulani na kumwangukia jirani asiyekuwa na kosa. Ili mtu amchomee nyumba anayemfahamu, ni lazima kwanza aaminishwe kwamba yule anayemfahamu si yule wa kweli, kwamba nyuma ya uso wa kila siku kuna mpango wa siri wa kabila zima. Hakuna anayeweza kujitetea dhidi ya habari ya namna hiyo, kwa kuwa haisemwi mbele yake. Kujuana kulishindwa kwa sababu kulikuwa kumekatiwa njia ya kuulizana.

Ushahidi bora wa hoja hii umo katika jinsi amani ilivyorudishwa. Cornelius Korir, aliyekuwa askofu wa Jimbo Katoliki la Eldoret tangu 1990 hadi alipofariki Oktoba 2017, alifungua uwanja wa kanisa kuu la jimbo kwa maelfu ya waliokimbia makwao mwaka 2008. Njia yake, aliyoieleza katika kitabu Amani Mashinani cha mwaka 2009, haikuanza kwa mikutano mikubwa ya viongozi. Kila jamii ilikaa kwanza peke yake na kutaja machungu yake yote, hata yale ya aibu. Wachache wakatumwa kuzungumza na wachache wa upande wa pili, wakarudi kuwaeleza wenzao walichosikia, wakatumwa tena. Baadaye tu ndipo pande mbili zilipokutana kwa wingi na kukubaliana, kisha zikapewa kazi ya pamoja: barabara, soko, josho la mifugo, shule, jambo ambalo haliwezi kwenda bila watu wa pande zote mbili. Ukiutazama utaratibu huu kwa makini, ni urejeshaji wa habari kwa wenyewe. Aliyesema ana jina, aliyetumwa anajulikana na waliomtuma, na kazi ya pamoja inawapa watu sababu ya kuonana kesho. Haukumaliza migogoro ya ardhi, wala Askofu Korir hakudai hivyo. Uliwezesha watu waliokuwa wamekimbiana kulima tena mipakani mwao, na hilo ni jambo ambalo majeshi ya polisi hayakuweza kulifanya.

Serikali nayo imejaribu. Mwaka 2013 ilitangaza mpango wa Nyumba Kumi, ulioazimwa kutoka mfumo wa mashina ya chama nchini Tanzania, ili majirani wajuane na kutoa taarifa za usalama. Nia ilikuwa njema, lakini palipofanywa kuwa njia ya kupeleka habari kwa chifu peke yake, mpango ulikosa roho. Jirani anayejua kwamba neno lake litapanda juu bila kurudi kwake hunyamaza. Ujirani unahitaji habari inayozunguka, yenye nafasi ya jibu. Kuhusu simu, ambayo wengi wanailaumu, siamini kwamba chombo chenyewe ni adui. Kundi la simu la wanachama wa ushirika wa maziwa au la wazazi wa shule, ambalo kila namba ndani yake ina mtu anayefahamika na ambalo mchango wa mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Moi hukusanywa na kuhesabiwa hadharani, linafuata kanuni ileile ya chini ya mti. Ujumbe uliopitishwa na watu ishirini hata hakuna anayejua ulianzia wapi ni ndugu wa kijikaratasi cha 1991. Tofauti kati ya viwili hivyo ni kama yupo mtu anayeweza kuulizwa: umeliona mwenyewe, au umeambiwa na nani?

Kwa hiyo anayeitakia mema Plateau na vituo kama hiki asidhani kwamba urafiki wa watu utajitunza wenyewe, wala kwamba hotuba za umoja kila mwaka wa uchaguzi zitautunza. Unatunzwa na mahali na taratibu: kituo cha maziwa kinacholipa kwa wakati ili foleni isife, baraza ambalo wanawake na vijana wanasema na kujibiwa, kamati ya amani inayokutana hata katika miaka ya utulivu, redio ya lugha ya nyumbani inayomtaja aliyesema na kumpa nafasi aliyesemwa. Hati za ardhi zimalizwe pia, maana bila haki kila mazungumzo yana mwisho. Uchaguzi mwingine utakuja, na uvumi utakuja nao. Watu wa uwanda huu wana historia ya zaidi ya karne moja inayowaambia jinsi ya kuupokea. Wamtafute aliyeusema, na kama hapatikani, waende kumuuliza jirani aliyesemwa kabla hawajamwambia mtu wa tatu.